Kipande cha Mtungi wa Thazhimedu

Kambi ya uchimbaji, Thazhimedu
21 Januari 1974

Shangazi Irulayi,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini mafua ya msimu wa umande yamekuachia, na kwamba binti yako Poonkodi bado anawahi basi la chuo cha ualimu. Mimi ni mzima. Hapa kambini tunakula wali na mchuzi wa ukwaju, na kesho yake mchuzi wa ukwaju na wali. Baba ameniandikia kwamba amekwisha kuwatangazia watu wote kijijini kuwa Aprili nitathibitishwa kazini. Tafadhali mwombe asivuke kwenda kijiji cha pili.

Kazi yangu ni daftari. Kila kigae kinachotoka shimoni nakiandikia namba, kina, rangi na tarehe, kisha nakifungia ghalani. Ufunguo wa ghala ninao mimi, na huwa nautazama mara kadhaa kwa siku kuhakikisha kwamba ninao.

Wiki mbili zilizopita walitoa mtungi mkubwa unaonifika kifuani. Ulikuwa na mifupa na vibakuli vinne. Mkuu wetu, Profesa Aravamudan, anasema una miaka zaidi ya elfu mbili. Anasema maandiko ya kale yanataja wafinyanzi walioagizwa mitungi mipya ya kuzikia wakuu, na kwamba sasa tunao mmoja mkononi. Machi atakwenda Madras kutoa hotuba juu yake mbele ya wataalamu wenzake. Wachimbaji wao hawataki habari za wakuu. Pechiyammal, mama anayechekecha udongo, anasema ndani alikaa bibi kizee wa zamani, mmoja wa wale waliokuwa hawafi. Unaijua hadithi hiyo kuliko mimi.

Nina swali dogo, la udadisi tu. Mtungi mkubwa ukibanduka kipande mdomoni, tuseme ukubwa wa kiganja, ninyi wafinyanzi mnaweza kukirudisha pasijulikane? Nauliza kwa ajili ya elimu.

Mwana wa kaka yako,
Sevugan

*

Velarkurichi
2 Februari 1974

Sevugan, baba,

Mafua yameniacha, yamehamia kwa jirani, na anastahili. Poonkodi anakusalimu, kisha akaniambia nisikwambie kwamba amekusalimu. Baba yako nimechelewa kumzuia. Kijiji cha pili wanajua, na cha tatu wameuliza kama una dada.

Huyo Pechiyammal msikilizeni. Zamani watu hawakufa, walisinyaa. Kwanza bibi anashindwa kutembea, mnamkalisha pembeni. Miaka inapita, anaenea kwenye kishimo cha ukutani mnamowekwa taa. Miaka inapita tena, paka anaanza kumtazama vibaya. Hapo ndipo mnaleta mtungi, mnamtia ndani na wali wake, taa yake na maziwa ya mgando, mnamwambia, "Bibi, hebu tulia humo kwanza." Marehemu mama yangu alisema ukitega sikio utamsikia akiuliza kama mchuzi umetiwa chumvi. Nami naona nimeanza. Mwaka jana komeo la juu nililifikia, mwaka huu namwita Poonkodi. Kabla hujaenda kulala huko kwenu tafadhali nitafutie mtungi wenye nafasi, magoti yangu hayakunjiki.

Sasa swali lako la elimu. Tangu uzaliwe hujaniuliza kitu kwa ajili ya elimu bila kwanza kukivunja. Una miaka saba ulikuja umeweka mikono nyuma, ukauliza kama farasi wa udongo wa mungu Ayyanar anahitaji masikio yote mawili. Sikio lilikuwa mfukoni mwako.

Hicho kiganja unachokisema ni cha nani? Chako au cha Profesa?

Shangazi yako anayepungua,
Irulayi

*

Thazhimedu
11 Februari 1974

Shangazi,

Nashukuru kwa barua yako. Joto limeanza. Habari ya farasi ilikuwa zamani, na upepo ulikuwa mkali siku ile.

Sijavunja kitu. Nimeona ni vema niliandike hilo waziwazi ili lisilete fikra.

Huku kumetokea jambo moja. Juzi mpiga picha alikuja kuupiga mtungi picha za hotuba ya Madras, ikaonekana kwamba mdomo una pengo. Profesa aliuliza nani huingia ghalani. Ilielezwa kwamba Pechiyammal hufagia humo kila Jumamosi. Aliulizwa, akasema, "Bwana, mimi nina ufagio, sina nyundo." Watu walicheka, na nadhani kicheko ndicho kilichomponza. Ameambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Mimi niliulizwa pia. Nilijibu kwamba katika daftari hakuna maelezo yoyote kuhusu pengo, na hilo ni kweli.

Mtungi umepigwa picha kwa upande wake mzuri.

Tafadhali nijibu lile swali langu, maana bado lina manufaa. Na wewe hujaniambia kama tanuri la Januari lilitoa vyungu vingi.

Sevugan

*

Velarkurichi
14 Machi 1974

Kwa Sevugan,

Barua zako zote mbili zilizofuata zimefika, ile ya Februari ishirini na nne na ile ya juzi ambayo wino umetapakaa. Naandika mimi Poonkodi. Mama hajui, yuko kisimani anawafundisha watu namna ya kuvuta maji.

Unauliza kama amekasirika au anaumwa. Hakasiriki. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba tangu Desemba na tanuri halijawashwa mwaka huu. Alisema usiambiwe, kwa hiyo sijakwambia. Lakini si hilo linalomnyamazisha, angeniamuru mimi niandike. Nilipomuuliza kwa nini hakujibu, alisema, "Nijibu nini? Barua hii imeandikwa 'ilionekana', 'ilielezwa', 'ameambiwa'. Nimeigeuza mbele na nyuma, sikumwona mtu ndani yake. Siku mwanangu atakapokuwemo, nitajibu."

Mimi naongeza langu. Hata mimi nimemtafuta humo sikumwona.

Poonkodi

*

Thazhimedu
20 Machi 1974

Shangazi,

Nakuamkia. Nasikitika kwa mkono wako, ambao hakuna aliyeniambia habari zake.

Nilikibandua mimi.

Ilikuwa tarehe kumi na saba Januari, saa nne asubuhi. Nilikuwa peke yangu ghalani nikipima urefu wa mtungi. Nuru iliingia dirishani ikapiga ndani yake, nikaona zile alama za jiwe na kibao cha kupigia udongo, mstari juu ya mstari, kama zilivyo ndani ya mitungi yako. Nilitaka tu kuzipapasa. Niliingiza mkono, bega likagusa mdomo, na kipande kikanijia kiganjani. Hakikulia. Kilitoka kama jino bovu. Nilikitazama, ukingo wake ulikuwa mweusi mweusi kama sukari guru iliyoungua, nikasikia viatu vya Profesa nje, nikakitia ndani ya shati. Sasa kiko katika sanduku langu chini ya nguo, nimekifunga kwa fulana. Usiku naamka kukiangalia.

Nilitaka kusema siku ile ile. Nikangoja kesho. Halafu likaja suala la kuthibitishwa, na Baba na vijiji vyake vitatu. Halafu Pechiyammal akarudishwa nyumbani mbele yangu nikiwa nimeshika kalamu, na tangu hapo kila siku ninayonyamaza imekuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Ana wajukuu wanne nyumbani. Watu kijijini kwake wanasema ameiba kitu cha mtu aliyekufa, na wanawake wenzake hawamwiti tena kwenda mtoni.

Profesa amerudi kutoka Madras na furaha tele. Wenzake walimpigia makofi. Nikisema sasa, nitakuwa nimemharibia na hilo. Sijasomea kitu kingine wala sijui kufanya kingine maishani, Shangazi. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kukaa kwenye kiti cha ofisi. Nifanye nini?

Sevugan

*

Velarkurichi
27 Machi 1974

Sevugan, baba yangu,

Karibu. Nimekuona.

Mkono wangu usiuulize, unajua kazi yake na itarudi. Aliyekwambia nitamtafuta.

Kwanza nikucheke kidogo, maana nimengoja miezi miwili. Mtoto wa wafinyanzi, mwenye cheti cha chuo, anaamka usiku kukiangalia kigae kama mama anavyoangalia mtoto mchanga kama anapumua! Na fulana umemvisha! Poonkodi ameuliza umempa jina gani.

Sasa nisikilize. Unasema hakikulia. Mimi nimevunja vyungu vingi kuliko siku ulizoishi, na sijapata kuona udongo uliochomwa ukavunjika kimya. Hulia hata ukivunjika ndani ya maji. Na mpasuko mpya huwa na rangi safi, mwekundu au wa kijivu, hauwi mweusi kama sukari iliyoungua. Umewahi kuishi kwangu, umenisahau? Mtungi wa mpunga ukivunjika mdomo hatuutupi. Tunaponda chokaa, tunatia sukari guru ya mvumo na ute wa yai, tunagandisha. Waliotutangulia sijui walitia nini, pengine utomvu wa miti. Lakini gundi ni gundi.

Fanya hivi. Chukua kipande, kilambe ukingoni. Usinitolee macho, najua unayatoa. Baba yako hulamba, mimi hulamba, na babu yako alipokuwa akinunua mtungi wa mtu mwingine alilamba mpaka muuzaji akaomba radhi. Mpasuko mpya unashika ulimi kama mtoto anavyoshika titi. Mpasuko wa zamani uliozibwa haushiki. Kama haushiki, basi mtungi huo ulivunjika na kugandishwa na mtu mwingine kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na wewe uliifungua tu gundi iliyochoka.

Lakini usifurahi upesi. Kuvunja hukuvunja, kuficha umeficha.

Unakumbuka siku ya kuwasha tanuri? Kabla ya moto, kila aliyepanga vyungu anasimama na kusema kwa sauti, "Kile cha pembeni nilikigonga," "Kile cha chini nilikiangusha." Na siku hiyo hakuna anayegombezwa, hata mtoto, hata mke mgeni. Kwa nini? Kwa sababu chungu chenye ufa kikipata moto kinapasuka, na hakipasuki peke yake. Kinapiga vilivyokaa jirani nacho, ambavyo havikuwa na kosa.

Wewe umekaa kimya na moto umewashwa, baba. Aliyekaa jirani yako ni Pechiyammal.

Lamba, kisha nenda kaseme. Ikiwa haushiki au unashika, nenda vilevile.

Shangazi yako

*

Thazhimedu
15 Aprili 1974

Shangazi,

Heri ya mwaka wetu mpya kwako na kwa Poonkodi. Sikuweza kuja nyumbani jana. Utaona sababu.

Barua yako niliisoma mara tano kisha nikakaa nayo siku tisa. Siku ya kumi nilifunga mlango, nikakifungua kipande kwenye fulana na kukilamba. Ladha yake sitaiandika. Nilikumbuka kwamba kilitoka kwenye mtungi wa maiti baada ya kukilamba, si kabla. Upande mmoja mfupi, kama upana wa kidole, ulishika ulimi. Huo ndio niliouvunja mimi. Sehemu nyingine yote haikushika hata kidogo. Nililamba mara tatu kwa uhakika.

Nikakichukua mkononi, wazi, nikapita nacho katikati ya kambi. Nilijua kwamba nikikifunika nitageuka nirudi.

Profesa alikuwa anaandika ripoti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia tarehe kumi na saba Januari. Nilisema kwamba Pechiyammal hakugusa kitu. Alinisikiliza bila kuweka kalamu chini.

"Miezi mitatu," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Nilikuuliza. Ukanijibu habari za daftari."

"Ndiyo, bwana."

"Na leo umeleta kwa sababu gani? Mtu amekuona?"

"Hapana, bwana. Shangazi yangu ameniambia."

Akaiweka kalamu. "Shangazi yako ni mtaalamu wa nini?"

Nikamwambia. Nikamweleza habari ya gundi, na mitungi ya mpunga, na mpasuko usiolia. Nikamweleza namna ya kupima. Alinitazama kama niliyemwambia apande juu ya paa akawike. Halafu akasema nigeuke nitazame ukutani. Nikageuka. Nikasikia sauti ndogo, ambayo nilijifanya sikuisikia.

"Haushiki," akasema nyuma yangu.

Sikuthubutu kugeuka.

"Huu ulikuwa mtungi wa nafaka," akasema. Alikuwa anasema peke yake. "Wa nyumbani. Ulivunjika, wakaugandisha, wakaendelea kuutumia. Kisha wakamzikia mtu wao. Nimekwisha kuhutubia Madras, Sevugan."

"Ndiyo, bwana. Walipiga makofi."

Nadhani hilo sikupaswa kulisema.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliniomba ufunguo wa ghala, nikampa. Alisema hawezi kumthibitisha karani anayeficha, na kwamba nitabaki kama kibarua wa siku mpaka msimu uishe, na baada ya hapo hajui. Alisema nitafanya kazi ya kuchekecha. Kisha akaniagiza niende mwenyewe kwa Pechiyammal, kwa miguu, nimwombe arudi.

Nilimkuta mlangoni anapepeta mchele. Hakunikaribisha kuketi.

"Karani! Umekuja kuniandikia namba?"

Nikamwambia ni mimi. Nilisema kwa sauti, kwa sababu majirani walikuwa wamesimama ukutani, na niliona ni haki wasikie waliosema wizi. Alipepeta mpaka mchele ukaisha, akaanza kuupepeta upya.

"Sura kama ya ndama aliyenyeshewa," akasema mwishowe, "kumbe unaweza kuua mtu kwa kunyamaza tu." Halafu akawageukia majirani. "Mmesikia? Au nimwambie aseme tena?" Nikasema tena. Alinifanya niseme mara nne, ya nne nikiwa nimesimama juu ya jiwe.

Amerudi kazini. Mimi ndiye ninayembebea udongo. Jana, siku ya mwaka mpya, Profesa alituita sote ghalani, na mtaalamu wa mifupa aliyekuja kutoka Madurai akatuonyesha taya lililotoka mtungini. Ni la mwanamke mzee sana, mdogo wa umbo, asiye na jino hata moja. Pechiyammal alinikanyaga mguu kwa furaha, nao unaniuma mpaka sasa.

Baba sijamwandikia. Sijui nianzie wapi. Profesa amenipa jana jioni ukurasa wa ripoti niunakili, maana mwandiko wangu bado anausifu. Umeandikwa hivi: mdomo wa mtungi ulivunjika zamani za kale na kugandishwa na wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba ulikuwa chombo cha nyumbani na kwamba maelezo ya awali yarekebishwe, kipande kilibanduliwa tena Januari 1974 na karani V. Sevugan, aliyekificha. Nilinakili kwa uangalifu. Neno la mwisho nililiharibu, ikabidi nianze ukurasa upya.

Ripoti itachapishwa, Shangazi, na kuwekwa katika maktaba za nchi nzima.

Sevugan

*

Velarkurichi
23 Aprili 1974

Sevugan wangu,

Sisi wazima. Barua hii anaandika Poonkodi, mimi nasema. Ameapa hataongeza neno lake.

(Sijaongeza. P.)

Kwa baba yako nimekwenda mwenyewe kwa basi. Nimemwambia kabla hujamwandikia, kwa hiyo andika tu. Aliiacha kahawa yake mpaka ikapoa. Halafu akauliza kama yule mama amerudi kazini. Nikasema amerudi. Akasema, "Haya." Akainywa hivyo hivyo imepoa. Kijiji cha pili na cha tatu ataviambia mwenyewe, ni adhabu ya mdomo wake.

Kazi hiyo ikiisha njoo. Kibao na jiwe vipo, na mkono wako ninaujua, ulikuwa mzuri kabla hawajaushikisha kalamu. Ukipata nyingine ya ofisi, nenda huko, sitanuna. Nitanuna siku mbili.

Mwambie Profesa kwamba mimi huyo bibi sishangai alizikwa katika mtungi wa mpunga. Uliokuwepo nyumbani ndio uliotumika. Nani ana muda wa kuagiza mpya na mtu amekwisha kufa? Huenda aliugandisha mwenyewe, na kila mwaka wakati wa mavuno akiwafokea wajukuu, "Msiushike mdomoni!"

Na huo ukurasa wa ripoti naomba uniandikie nakala, uitie muhuri kama mna muhuri. Nataka niwasomee wanawake wa hapa. Ukoo wetu umefinyanga tangu kabla ya wafalme, baba. Umewapikia watu, umewatilia maji, umewazika. Mitungi yao imejaa chini ya nchi hii yote, na hakuna hata mmoja wetu ambaye jina lake limewahi kuandikwa kitabuni.

Wa kwanza ni wewe, na umeandikwa kwa kuvunja.

Shangazi yako,
Irulayi